Baragumu la mgambo Marekani: nani mwenye haki ya kulipuliza?

Neno mgambo limebeba mizigo miwili isiyofanana. Kwa Mtanzania, mgambo ni raia wa kawaida aliyepigishwa kwata na kufundishwa shabaha karibu na nyumbani kwake, akaingizwa katika jeshi la akiba. Mjini tunamjua zaidi kwa kukimbizana na wamachinga. Lakini sikiliza taarifa ya habari za kimataifa jioni: "wanamgambo wameuteka mji." Hao ni watu wengine kabisa, wenye silaha zao na makamanda wao, wasiomtii rais yeyote. Neno moja linamtaja mtu wa serikali na adui wa serikali.

Wamarekani wana tatizo hilohilo katika Kiingereza chao, na kwao halijabaki kuwa suala la kamusi. Watu wamefungwa na wengine wameuawa, na kesi zimefika Mahakama ya Juu, kwa sababu ya kutokubaliana juu ya mgambo ni nani.

Wazee wetu walisema, "La mgambo likilia, kuna jambo." Mgambo kwanza ilikuwa mbiu yenyewe: pembe lilipopulizwa, watu waliacha majembe wakakusanyika. Hakuna kijiji ambako kila mwenye pumzi aliruhusiwa kulipuliza. Mimi naona swali la mpulizaji ndilo linalofungua historia hii ndefu ya Wamarekani, kuliko swali la bunduki ambalo kila mtu hulikimbilia.

Makoloni ya Kiingereza ya karne ya 17 hayakuwa na jeshi la kudumu. Yalifuata desturi ya Uingereza: kila mwanamume mwenye nguvu, kwa kawaida kati ya miaka 16 na 60, alitakiwa awe na silaha na afike gwarideni siku iliyotajwa. Desemba 13, 1636, koloni la Massachusetts Bay liliwapanga wanaume wake katika rejimenti, na Walinzi wa Taifa wa leo (National Guard), jeshi la akiba la majimbo, huihesabu tarehe hiyo kuwa siku yao ya kuzaliwa. Haikuwa kazi ya hiari. Asiyefika alitozwa faini. Wala haikuwa kazi ya kujilinda tu. Mgambo walipigana na mataifa ya wenyeji ambao ardhi zao zilikuwa zikichukuliwa, na makoloni ya kusini yaliwatumia kufanya doria za usiku kukamata watumwa waliotoroka.

Alfajiri ya Aprili 19, 1775, askari wa Uingereza waliotoka Boston kwenda kuteketeza shehena ya silaha huko Concord walikuta mgambo wa Lexington wamejipanga kwenye uwanja wa kijiji. Risasi zikalia, na vita ya uhuru ikaanza. Picha hiyo ya mkulima na bunduki yake dhidi ya dola ndiyo ambayo makundi yenye silaha ya Marekani hujivika hadi leo. Picha ni ya kweli, ila imekatwa pembeni. Mgambo wa Lexington walikuwa na kapteni wao, John Parker, na walikuwa chini ya Bunge la muda la Massachusetts lililokwisha kuchukua madaraka kutoka kwa gavana wa Mfalme. Hawakuwa marafiki waliokutana msituni wakajipa vyeo.

Wala si wao peke yao walioleta ushindi. Mwaka 1776 George Washington aliliandikia Bunge la makoloni kwamba kuwategemea mgambo ni kuegemea fimbo iliyovunjika. Walikuja na kuondoka, wengi hawakuzoea nidhamu, na mapigano yakikaza waliwaza nyumbani. Alitaka jeshi la kudumu. Wenzake wengi waliliogopa jeshi la kudumu kuliko walivyowaogopa Waingereza, kwa kuwa walijua mfalme hutumia jeshi la namna hiyo kuwakandamiza raia wake mwenyewe.

Kilichoamua mambo ni uasi wa wakulima. Mwaka 1786, magharibi mwa Massachusetts, wakulima waliolemewa na madeni na kodi, wengi wao askari wa vita iliyokuwa imekwisha majuzi tu, walianza kuzifunga mahakama zilizokuwa zikiwanyang'anya mashamba. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Daniel Shays. Serikali ya jimbo iliita mgambo. Baadhi walikataa kuja na wengine walihamia upande wa waasi. Hazina ilikuwa tupu, ikabidi wafanyabiashara wa Boston wachange fedha za kulipia kikosi kilichoongozwa na Benjamin Lincoln. Januari 1787 waasi walijaribu kuteka ghala la silaha la Springfield, mizinga ikafyatuliwa, wanne wakafa.

Miezi minne baadaye wajumbe walikutana Philadelphia kuandika Katiba, huku tukio hilo likiwa bado bichi vichwani mwao. Usomapo vifungu vya mgambo, msome na Shays pembeni. Bunge la Congress limepewa mamlaka ya kuwaita mgambo kwa mambo matatu: kutekeleza sheria za nchi, kuzima maasi na kufukuza wavamizi. Bunge hilo ndilo linalopanga mfumo wao, silaha zao na nidhamu yao. Majimbo yameachiwa kuteua maofisa na kufundisha. Rais ni amiri jeshi wao wanapoitwa katika utumishi wa nchi. Hakuna mahali ambapo Katiba inawapa mgambo kazi ya kuipindua serikali wanayoiona dhalimu. Imewapa kazi ya kuwazima wanaojaribu.

Marekebisho ya Pili ya Katiba, ya mwaka 1791, yalikuja kutuliza hofu ya majimbo kwamba serikali kuu ingeweza kuudhoofisha mgambo wao. Ni sentensi moja yenye vichwa viwili. Inaanza kwa kusema kwamba mgambo uliopangwa vizuri ni wa lazima kwa usalama wa dola iliyo huru, kisha inasema haki ya watu ya kuwa na silaha na kuzibeba isivunjwe. Kama sehemu ya kwanza inaibana ya pili au inaitangulia tu, ni ugomvi ambao tutaurudia.

Sheria ya Mei 1792 ndiyo inayotuonyesha mgambo wa kweli alifananaje. Kila raia huru, mzungu, mwanamume mwenye afya, wa miaka 18 hadi chini ya 45, aliandikishwa. Alipewa miezi sita ajinunulie kwa fedha zake gobori zima, singe na mkanda wake, mawe mawili ya gumegume ya akiba, shanta, na beti yenye risasi zisizopungua 24. Wengi hawakununua, na wengi waliofika gwarideni walifika mikono mitupu. Bunge lilikuwa limeweka wajibu bila kutoa senti. Angalia pia lile neno "mzungu". Sheria ya nchi ilikuwa imeamua kwamba mtu mweusi, hata akiwa huru, si sehemu ya mgambo wa nchi, na ikabaki hivyo kwa miaka 70, mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoilazimisha nchi kubadilika mwaka 1862.

Miaka miwili tu baada ya sheria hiyo ya 1792 baragumu likapulizwa. Wakulima wa magharibi mwa Pennsylvania waligoma kulipa kodi ya wiski, wakachoma nyumba ya mkaguzi wa kodi. Mwaka 1794 Washington, sasa akiwa Rais, aliita mgambo karibu 13,000 kutoka Pennsylvania, New Jersey, Maryland na Virginia, akasafiri nao mwenyewe sehemu ya njia. Waasi walitawanyika kabla jeshi halijawafikia.

Vita ya 1812 ilizua swali gumu zaidi. Oktoba mwaka huo, kwenye mto Niagara, mgambo wengi wa New York walikataa kuvuka kuingia Kanada huku wakiwaona wenzao wakizidiwa ng'ambo. Hoja yao ilikuwa ya kisheria: Katiba inasema kufukuza wavamizi, haisemi kuvamia. Magavana wa Massachusetts na Connecticut nao waligoma kutoa mgambo wao, wakisema hawaoni uvamizi wowote wa kuwafukuza. Mgambo mmoja wa New York, Jacob Mott, alikataa kuitika mwaka 1814, akatozwa faini, akashtaki. Mwaka 1827 Mahakama ya Juu ikatoa jibu: kama kuna jambo au hakuna, mwenye kuamua ni Rais peke yake. Mgambo hana haki ya kusimama na kujadiliana na pembe.

Kipande kinachofuata ndicho kinachonigusa zaidi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, majimbo ya kusini yaliunda upya mgambo kwa kutumia walewale waliokuwa askari wa waasi, yaani wa majimbo ya kusini yaliyotaka kujitenga, nao wakaanza kuwanyanyasa watu weusi waliotoka utumwani. Mwaka 1867 Congress iliuvunja mgambo wa majimbo hayo. Serikali mpya zilizochaguliwa kwa kura za watu weusi zikaunda wa kwao, na humo vijana weusi walipata kwa mara ya kwanza bunduki za serikali, sare na maofisa walioteuliwa na gavana. Kwa kipimo chochote cha Katiba, hawa walikuwa mgambo halali.

Hamburg ulikuwa mji mdogo wa watu weusi katika South Carolina, ukingoni mwa mto Savannah. Julai 4, 1876, Marekani ikitimiza miaka 100, kompania ya mgambo weusi ilikuwa ikipiga kwata barabarani. Wazungu wawili wakaja na gari la farasi wakitaka kupita katikati yao. Walibishana, kompania ikafungua njia, wakapita. Kwa kosa hilo mgambo wale walishtakiwa kwa kuziba barabara. Siku ya kesi, Julai 8, mamia ya wazungu wenye silaha walifurika mjini, wengi wakitoka katika vikundi vilivyojiita klabu za bunduki. Wakili wa upande wa wazungu, Matthew Butler, aliyekuwa jenerali wa upande wa waasi, aliwataka mgambo wakabidhi silaha zao. Walikataa, kwa kuwa silaha zilikuwa mali ya jimbo. Wakazingirwa, wakapigwa risasi na mizinga. Baadhi ya waliokamatwa waliitwa kwa majina usiku ule, mmoja mmoja, wakauawa wakiwa mikononi mwa watekaji wao. Watu weusi sita walikufa, na mzungu mmoja. Hakuna aliyetiwa hatiani. Mwaka uliofuata Butler alikuwa seneta.

Nasisitiza kisa hiki kwa sababu kinaigeuza picha ya Lexington. Hapa waliotii Katiba ni watu weusi waliopangwa mstari na jimbo lao, na waliowaua ni kundi la binafsi lililojipulizia baragumu lenyewe. Mtu akikuambia kwamba makundi ya raia wenye silaha siku zote yamekuwa ngao ya wanyonge dhidi ya dola, mwulize kuhusu Hamburg.

Miaka mitatu baadaye, Chicago, sheria ilisemwa waziwazi, ingawa dhidi ya watu wa aina nyingine. Wafanyakazi wa Kijerumani, wasoshalisti, walikuwa na chama kilichoitwa Lehr und Wehr Verein, yaani chama cha kuelimishana na kujilinda. Walichoka kupigwa na polisi na walinzi wa matajiri kila walipogoma, wakanunua bunduki na kujifunza kwata. Baada ya mgomo mkubwa wa reli wa 1877, Illinois ilitunga sheria iliyokataza kikundi chochote nje ya mgambo wa jimbo kujiunda kama kompania ya kijeshi au kuandamana na silaha bila leseni ya gavana. Mwaka 1879 Herman Presser aliwaongoza wenzake wapatao 400 katika mitaa ya Chicago, wao wana bunduki, yeye yuko juu ya farasi na upanga. Alitozwa faini ya dola 10, akakata rufaa mpaka Mahakama ya Juu.

Mwaka 1886 alishindwa. Mahakama ilisema majimbo yana haki ya kukataza vikundi vya kijeshi vya binafsi, na kwamba kutunga sheria za namna hiyo ni sehemu ya kulinda amani. Msimamo huo haujatenguliwa mpaka leo.

Mgambo wa zamani, wa kila mwanamume na gobori lake, ulikuwa umekwisha kufa wenyewe. Sheria ya 1903, iliyoitwa kwa jina la Charles Dick wa Ohio, iliuzika rasmi kwa kuugawa mara mbili. Mgambo uliopangwa ni Walinzi wa Taifa: wanalipwa, wanavaa sare, wana gavana wao na Rais juu yake. Mgambo usiopangwa, kwa sheria ilivyo leo, ni wanaume wengine wote wenye afya, kuanzia miaka 17 hadi chini ya 45, walio raia au waliotangaza nia ya kuwa raia. Kwa hiyo kijana wa Mombasa au Bukavu aliyepata uraia na anaishi Columbus au Minneapolis ni mgambo wa Marekani kwa mujibu wa sheria, hata kama hajawahi kushika bunduki na hakuna aliyemwambia.

Hapo ndipo makundi ya leo yanapojishika. "Sisi ndio mgambo usiopangwa," wanasema, "sheria inatutaja." Ni kweli inawataja, kama inavyomtaja mhasibu na dereva wa basi. Lakini usiopangwa maana yake ni hiyohiyo: hakuna aliyeupanga. Mamlaka ya kupanga ni ya Congress, na mamlaka ya kuteua maofisa ni ya majimbo. Ukijipanga mwenyewe na kujiita kanali hujawa mgambo; umefanya alichofanya Presser.

Je, Marekebisho ya Pili hayawalindi? Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba haki ya silaha ni ya mtu binafsi, haitegemei utumishi wa mgambo. Wengi waliupokea uamuzi huo kama ushindi wa makundi haya. Ukiusoma, utakuta Jaji Antonin Scalia akisema wazi kwamba Marekebisho ya Pili hayazuii kupigwa marufuku kwa vikundi vya kijeshi vya binafsi, akiitaja kesi ya Presser. Unaweza kuwa na haki ya kumiliki bunduki na bado usiwe na haki ya kuunda jeshi.

Na majimbo yote 50 yana namna fulani ya kuyakataza makundi haya. Karibu katiba zote za majimbo zinasema jeshi liwe chini ya mamlaka ya kiraia. Zaidi ya nusu ya majimbo yana sheria kama ile ya Illinois, na mengi yanaadhibu mafunzo ya kivita yenye lengo la kuzusha fujo. Tatizo ni kwamba sheria hizi hulala. Kubeba bunduki hadharani ni halali katika majimbo mengi, kukutana ni halali, kuvaa nguo za madoa ni halali. Mwendesha mashtaka lazima athibitishe nia. Zaidi ya hayo, katika kaunti nyingi za mashambani mwenye jukumu la kukamata ni sherifu aliyechaguliwa na majirani wa wale anaotakiwa kuwakamata, na mwingine anawaunga mkono.

Ndiyo maana ushindi mwingi umekuja kwa kesi za madai. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wavuvi wakimbizi kutoka Vietnam katika ghuba ya Galveston, Texas, walitishwa na Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi wa rangi, iliyokuwa na kikosi chake cha mafunzo ya kijeshi. Waliishtaki. Mwaka 1982 Jaji Gabrielle McDonald, mwanamke mweusi, aliamuru kikosi hicho kisimamishe shughuli zake, akitumia sheria ya Texas ya aina ya Illinois. Mji wa Charlottesville, Virginia, ulifuata njia hiyo baada ya ghasia za Agosti 2017 zilizotokana na mkutano wa wazungu wabaguzi wa rangi: makundi kadhaa yaliyofika na silaha yalifungwa na amri za mahakama yasirudi mjini humo kwa mtindo huo.

Makundi tunayoyaona leo yalizaliwa hasa miaka ya 1990. Mwaka 1992 maofisa wa serikali kuu waliizingira familia moja Ruby Ridge, Idaho, mama na mtoto wakauawa. Mwaka 1993 mzingiro wa makazi ya kundi moja la kidini huko Waco, Texas, uliishia kwa moto na vifo vya watu 76, tarehe 19 Aprili. Makosa ya serikali katika matukio hayo yalikuwa makubwa, na hasira iliyofuata haikuwa ya kubuni. Ilizaa makundi kama ya Michigan na Montana. Aprili 19, 1995, Timothy McVeigh, aliyekuwa amejaa hasira hizohizo, alilipua jengo la serikali Oklahoma City na kuua watu 168, wakiwamo watoto 19. Tarehe hiyo, ile ya Waco na ya Lexington, haikuchaguliwa kwa bahati.

Nisije nikaeleweka kwamba mgambo rasmi ni malaika. Mwaka 1914 Walinzi wa Colorado walishambulia kambi ya wachimba makaa waliogoma Ludlow, na wanawake na watoto wakafa ndani ya shimo chini ya hema lililochomwa. Mwaka 1970 Walinzi wa Ohio waliwaua wanafunzi wanne wa chuo cha Kent State. Uhalali hujibu nani alipiga mbiu, haujibu kama alipiga kwa haki. Septemba 1957 Gavana Orval Faubus wa Arkansas aliwatumia Walinzi wake kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie shule ya sekondari ya Central, Little Rock. Rais Dwight Eisenhower aliwachukua Walinzi walewale, karibu 10,000, akawaweka chini ya amri yake, na kutuma askari wa miavuli kuwasindikiza watoto darasani. Juni 2025 Rais Donald Trump aliwachukua Walinzi wa California bila ridhaa ya Gavana Gavin Newsom, akawatuma Los Angeles, na mvutano huo ukaenda mahakamani.

Kundi la Oath Keepers lilizinduliwa Lexington kwenyewe, Aprili 19, 2009, na Stewart Rhodes, mwanasheria aliyesoma Yale. Desemba 2020 Rhodes alimwandikia hadharani Trump, aliyekuwa Rais lakini ameshindwa uchaguzi, akimtaka atumie Sheria ya Maasi ya 1807, inayomruhusu Rais kutumia jeshi na mgambo ndani ya nchi, ili watu kama wao waitwe kama mgambo. Januari 6, 2021, baadhi ya wafuasi wake waliingia katika jengo la Bunge wakiwa wamejipanga mstari, huku wengine wakikaa na bunduki katika hoteli moja Arlington, ng'ambo ya mto Potomac. Mahakamani walijitetea kwamba walikuwa wakisubiri wito wa Rais. Wito haukuja, na baraza la mahakama halikuukubali utetezi huo: Novemba 2022 Rhodes alitiwa hatiani kwa kula njama ya kuipinga serikali kwa nguvu, na Mei 2023 akafungwa miaka 18. Januari 20, 2025, Trump aliporudi madarakani, aliwasamehe karibu washtakiwa wote wa tukio hilo. Rhodes na wenzake wachache hawakupewa msamaha huo. Walipunguziwa adhabu tu, wakatoka gerezani.